Kipande Kisichotiwa Mbolea

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha msimu mmoja cha kuchukua vipimo katika majaribio ya mbolea ya mahindi, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Masasi. Majaribio hayakuwa katika kituo cha utafiti bali mashambani kwa wakulima wenyewe. Kila mkulima aliyekubali kushiriki alipimiwa vipande vinne vya mita 10 kwa 10: kimoja kilitiwa mbolea ya kupandia peke yake, cha pili mbolea ya kukuzia peke yake, cha tatu kikapata zote mbili, na cha nne kikaachwa bila kitu chochote. Mwanzoni mwa Februari, mahindi yakiwa yamefika kiunoni, nilifika katika shamba la mama mmoja mtu mzima nikakuta kipande cha nne kimekolea kijani kibichi kama cha tatu. Nilihesabu vigingi upya nikidhani nimekosea upande. Sikuwa nimekosea.

Mama hakuficha. Alinikalisha kivulini chini ya mkorosho, akaniambia: "Mwanangu, kipande kile kiko njiani. Watu wote wanaokwenda kisimani wanapita pale. Mahindi yalianza kuwa manjano, na mimi nimelima tangu nikiwa binti, sijawahi kuchekwa shambani. Ile mbolea iliyobaki kwenye mfuko nikaichukua alfajiri, nikatia kisoda kimoja kimoja." Niliandika maelezo yake daftarini kama alivyoyasema. Wiki iliyofuata shamba lake liliondolewa katika orodha ya majaribio, na kwa muda wote niliokuwa pale hakuna aliyerudi kumweleza kwa nini, wala kumwambia kwamba kipande alichokionea aibu ndicho kilichokuwa na thamani kubwa kuliko vyote vinne.

Tangu wakati huo nimekuwa na imani moja kuhusu mapendekezo ya mbolea yanayotolewa kwa wakulima wa Mtwara na Lindi. Tunashindana sana juu ya aina ya mbolea, bei yake, ruzuku yake na tarehe ya kufika kwake ghalani, na yote hayo ni ya haki kabisa. Hata hivyo, swali lililo chini ya yote, yaani mbolea hii inaongeza kilo ngapi katika udongo huu, haliwezi kujibiwa bila kipande kisichotiwa mbolea kilichoachwa katika shamba la mkulima wa kawaida, kikatunzwa kwa uaminifu na kuvunwa kwa mizani. Pendekezo lisilosimama juu ya vipande vya namna hiyo ni makisio, hata likichapishwa kwa rangi na kubandikwa ukutani katika ofisi ya kata.

Elimu hii ya kupima mbolea ilikulia zaidi kwenye ngano, zao ambalo hapa kwetu hatulilimi. Ngano inataka nyanda za baridi, na nchini mwetu utaikuta Hanang, Karatu, Kilimanjaro Magharibi na Nyanda za Juu Kusini. Sisi wa pwani na wa uwanda wa Wamakonde tunaijua kwa chapati na maandazi. Lakini historia yake inatuhusu. Mwaka 1843, huko Rothamsted, Uingereza, penye kituo cha utafiti wa kilimo, John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert waligawa shamba moja la ngano liitwalo Broadbalk katika vipande virefu, kila kipande kikapewa lishe yake mwaka hata mwaka: kimoja samadi, vingine chumvi za naitrojeni, fosforasi au potasiamu kwa michanganyiko mbalimbali, na kimoja hakikupewa chochote. Jaribio hilo linaendelea hadi leo. Kile kipande kisichopewa chochote kimeendelea kutoa karibu tani moja ya ngano kwa hekta, kizazi baada ya kizazi cha watafiti, na bila hicho hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kusema mbolea iliyotiwa pembeni imeleta nini na udongo wenyewe umeleta nini.

Kituoni hapo hapo, mwaka 1919, aliajiriwa mwanahisabati Ronald Fisher, ambaye aliona tatizo ambalo mkulima yeyote wa Newala angelielewa bila kufundishwa: shamba moja halina udongo mmoja. Pana sehemu palipokuwa na kichuguu, pana sehemu palipochomwa mkaa, pana sehemu ambapo mbuzi walikuwa wakilala. Mtafiti akichagua mwenyewe mahali pa kuweka mbolea, hata kwa nia njema, jicho lake litamvuta mahali pazuri, na mavuno ya udongo mzuri yatahesabiwa kuwa ni mavuno ya mbolea. Dawa aliyoitoa ni kura. Kila kipimo cha mbolea kipangiwe kipande chake kwa kura, na kazi irudiwe katika vipande vingi, ili tofauti za udongo zijulikane ukubwa wake na zisijifiche ndani ya jibu. Kura hiyo haihitaji mashine. Nimeona ikipigwa kijijini kwa vikaratasi ndani ya kofia, mbele ya wakulima, na hakuna aliyeuliza tena kwa nini kipande fulani kilipewa mbolea na kingine kikanyimwa.

Hata hivyo, Broadbalk ni shamba moja, lenye udongo wa mahali pamoja na watunzaji wasiochelewa kupalilia. Kituo cha utafiti popote duniani kina sifa hizo. Udongo wake umepokea mbolea kwa miongo mingi, mbegu hupandwa siku ya kwanza ya mvua za kweli, magugu hayapewi nafasi, na vibarua hulipwa. Mkulima wetu anangoja jembe la kuazima, anapanda baada ya mvua ya pili au ya tatu kwa sababu ya kwanza ilimkuta kwenye msiba, na anapalilia mara moja badala ya mbili. Mbolea ileile, kwa kiasi kilekile, haiwezi kutoa jibu moja katika mazingira hayo mawili. Pengo kati ya kituo na shamba ni taarifa yenyewe tunayoitafuta, na ni majaribio ya mashambani peke yake yanayoweza kulipima.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Ethiopia, nchi inayoongoza kwa uzalishaji wa ngano kusini mwa Sahara. Kwa miaka mingi mkulima wa ngano wa huko alipewa pendekezo moja, awe bondeni au mlimani: kilo 100 za DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni, na kilo 100 za urea, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kwa hekta. Kwa kuwa DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni na urea ina asilimia 46, jumla yake ni kilo 64 za naitrojeni kwa kila hekta, nchi nzima. Watafiti walipokwenda kwenye mashamba ya wakulima na kupanga majaribio kwa kufuata mteremko wa ardhi, waliona kwamba ngano ya chini ya mteremko iliitikia mbolea vizuri kuliko ya katikati, na ya juu kilimani ikawa ya mwisho. Sababu yake inaonekana kwa macho ya mtu aliyeshika jembe: juu kilimani udongo ni mwembamba, maji yanakimbia, rutuba imeshasombwa, na mmea wenye kiu hauwezi kula mbolea uliyowekewa. Wakulima wawili wa kijiji kimoja, waliotenganishwa na mwendo wa dakika 20 kwa miguu, walikuwa wakinunua mifuko sawa kwa bei sawa, na mmoja wao alikuwa akipata faida ndogo sana kwa fedha yake. Kituo chochote kimoja kisingeweza kugundua hilo, kwa kuwa kituo hakiwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja.

Tukirudi nyumbani, nani asiyejua kwamba Mtwara na Lindi hazina udongo mmoja? Uwanda wa Wamakonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, una mchanga mwekundu wenye kina kirefu, unaopitisha maji upesi na kushika rutuba kidogo. Ukishuka kuelekea Masasi na Nachingwea, ambako majabali yamesimama katikati ya tambarare, udongo umetokana na miamba mingine, una mfinyanzi zaidi, na mabondeni kuna mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi. Pwani ni kichanga cheupe kwa sehemu kubwa. Hata ndani ya kaya moja, shamba la nyuma ya nyumba linalopokea majivu, takataka na kinyesi cha mbuzi si sawa na shamba la mbali lililolimwa mihogo mfululizo. Mwaka 1993 watafiti wa udongo wa Mlingano, Tanga, walifanya mapitio ya mapendekezo ya mbolea ya nchi nzima na kuyapanga kwa kanda, na kazi ile ilikuwa kubwa na ya maana. Lakini kanda ni pana, miaka zaidi ya 30 imepita, na mkulima hupanda katika ekari yake. Hapandi katika kanda.

Watu wa kusini tuna sababu ya pekee ya kulichukua jambo hili kwa uzito, kwa maana ardhi yetu ilishawahi kuwa ushahidi wa gharama ya kupuuza majaribio. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache na kupendekeza kulima karanga katika mamilioni ya ekari, ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na hapa Nachingwea. Ilijengwa reli kutoka pwani, na bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilitokana na mpango huohuo. Hapakuwa na misimu ya majaribio madogo kabla ya kuingiza matrekta. Kongwa udongo uligeuka kuwa mgumu kama tofali kiangazi, karanga zikashindwa kung'olewa, na mvua hazikufuata makisio ya vitabuni. Januari 1951 mpango ulifutwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36 za wakati ule, na reli ya Nachingwea ilifungwa na kung'olewa katika miaka ya 1960. Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Nachingwea inalima karanga hadi leo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kimetoa mbegu zinazofaa kusini, Pendo ikiwa mojawapo, baada ya kuzijaribu kwa subira katika maeneo mengi. Mbegu zimepewa subira hiyo. Mbolea haijapewa kwa kiwango kile.

Hapa naomba msomaji anivumilie niingie katika mambo madogo, kwa sababu ndiyo yanayoharibu pendekezo zuri. La kwanza ni neno heka. Mkulima wetu akisema heka moja, mara nyingi anamaanisha ekari, hatua 70 kwa 70. Kipeperushi kinapoandika hekta, ambayo ni karibu ekari mbili na nusu, macho yanasoma heka. Pendekezo la kilo 100 kwa hekta linageuka kuwa kilo 100 kwa ekari, na mkulima anamaliza fedha zake, au anakata tamaa kabla ya kuanza na kuacha kabisa. La pili ni kisoda. Kizibo cha chupa ya soda ndicho kipimo cha mbolea mashambani kote, na kwa kweli ni kipimo kizuri: kikijazwa sawa na ukingo hubeba kama gramu 5. Kwa mahindi yaliyopandwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo karibu 9,000, na kisoda kimoja kila shimo ni kilo 45, yaani mfuko mmoja wa kilo 50 kasoro kidogo. Lakini kisoda kikijazwa kwa kilima, kikafika gramu 7, mfuko hautoshi ekari na sehemu moja ya tano ya shamba inabaki na njaa. Katika kibarua changu kile nilipima visoda vya wakulima kwa mizani ndogo, na hakuna wawili waliolingana. Jaribio la kituoni, ambako mbolea hupimwa kwa mizani kabla ya kupelekwa shambani, haliwezi kujua habari hizi. Jaribio la shambani linazijua siku ya kwanza.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, linafanyika baada ya mavuno, wakati wa kuhesabu wastani. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Tuseme katika shamba la kwanza kila kilo ya naitrojeni inaongeza kilo 20 za mahindi, na katika shamba la pili inaongeza kilo 5 tu. Mfuko uleule utaongeza kilo 460 kwa wa kwanza na kilo 115 kwa wa pili. Sasa tuseme bei ya mfuko, pamoja na nauli na kazi ya kuutia, ni sawa na kilo 150 za mahindi. Wa kwanza amebaki na kilo 310 mkononi, na wa pili amepoteza kilo 35. Mtafiti akichukua wastani wa mashamba yote mawili atapata ongezeko la kilo 287 na nusu, ataandika kwamba mbolea ina faida, na atakuwa amesema kweli kuhusu shamba ambalo halipo. Mkulima wa pili atafuata ushauri, atapata hasara, na mwaka unaofuata ataambiwa kwamba wakulima wa kusini hawapendi mbolea.

Kwa hiyo jambo la kutafutwa katika majaribio ya mashambani ni mtawanyiko. Tunataka kujua ni mashamba mangapi kati ya 40 yaliyolipa gharama ya mbolea mara mbili au zaidi, ambacho ndicho kiwango kinachotumiwa sana kupima kama mkulima mdogo anaweza kubeba hatari hiyo, ni mangapi yaliyorudisha gharama tu, na ni mangapi yaliyokula hasara. Kisha tunataka kujua mashamba yaliyokula hasara yanafanana kwa nini: ni mchanga wenye mboji kidogo, ni tindikali, ni kupanda kwa kuchelewa, au ni magugu? Zipo ardhi ambazo wataalamu wanaziita zisizoitika, ambazo hata ukizidisha mifuko hazitoi kitu mpaka zirudishiwe samadi na mabaki ya mazao kwa misimu kadhaa. Mkulima mwenye ardhi ya namna hiyo hahitaji ushauri wa kuongeza kipimo. Anahitaji mtu wa kumwambia aanze na zizi.

Hilo la tindikali linagusa moyo wa uchumi wetu. Kwa miongo kadhaa mikorosho ya kusini imekuwa ikipuliziwa salfa ya unga ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani na maua, na bila salfa hiyo korosho isingefika ilipofika. Lakini salfa inayoanguka chini hailali. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa asidi, na kwa hesabu ya kikemia kila kilo moja ya salfa inahitaji kilo 3 hivi za chokaa ili kuituliza. Udongo wa mchanga, kama wa uwanda wa Wamakonde, una uwezo mdogo wa kujikinga na mabadiliko hayo. Chini ya mikorosho hiyohiyo, au jirani yake, wengi wetu tunapanda mahindi, mihogo na kunde. Udongo ukizidi tindikali, fosforasi hufungwa na mizizi huumizwa na aluminiamu inayoachiwa, na mkulima anaweza kumwaga DAP bila kuona jibu. Je, katika mashamba hayo chokaa kidogo ingelipa kuliko mfuko wa pili wa mbolea? Je, fosfeti ya Minjingu, mbolea ya mwamba unaochimbwa kaskazini mwa nchi, ambayo kwa asili yake huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali, ingefaa kusini kuliko inavyofaa mahali pengine? Haya ni maswali yanayojibika kwa vipande vitano au sita katika mashamba 40 kwa misimu miwili au mitatu. Kituo cha Naliendele kipo Mtwara, kina watu wanaojua korosho na mbegu za mafuta kuliko mtu yeyote nchini, na mashamba ya kujaribia yamekizunguka pande zote.

Nimesema misimu miwili au mitatu kwa makusudi. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, na katikati, mwishoni mwa Januari au Februari, huwa kuna kiangazi kifupi ambacho mwaka mwingine ni wiki moja na mwaka mwingine ni nne. Mbolea ya kukuzia iliyotiwa siku tatu kabla ya ukame huo na ile iliyotiwa siku tatu baada yake ni kama mbolea mbili tofauti. Pendekezo lililotokana na msimu mmoja wa mvua nzuri litamdanganya mkulima mwaka wa mvua mbaya, na ndio mwaka ambao hana akiba ya kufidia. Wakulima wa ngano wa Oklahoma, Marekani, wanalishughulikia tatizo la namna hii kwa njia ambayo naipenda kwa urahisi wake: chuo kikuu cha jimbo hilo kimewafundisha kuacha ukanda mmoja shambani uliotiwa naitrojeni ya kutosha mapema, kisha katikati ya msimu wanaulinganisha na shamba lingine. Ukanda ukiwa umekolea kuliko shamba, ngano ina njaa na mbolea iongezwe. Usipotofautiana, udongo na mvua vimeshaitosheleza, na fedha ibaki mfukoni. Ni jirani wa karibu sana wa kile kipande cha mama wa Masasi, ila huu umeshiba na kile kina njaa, na vyote viwili vinamwezesha mwenye shamba kusoma shamba lake mwenyewe bila kungoja mgeni.

Wapo watakaosema majaribio ya namna hii ni ghali, na kwamba wakulima wetu hawana uaminifu wa kutunza vipande. Juu ya uaminifu nimeshaeleza nilichokiona. Mama yule hakudanganya mtu. Aliombwa aonekane mvivu mbele ya kijiji kizima kwa miezi minne, bila maelezo na bila fidia, akakataa kwa heshima yake, na ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Juu ya gharama, tupige hesabu. Kipande cha mita 10 kwa 10 ni sehemu moja ya 40 ya ekari. Tuseme mkulima angeweza kupata magunia 8 zaidi kwa ekari kama angetia mbolea kila mahali, gunia likiwa kilo 100. Hasara yake katika kipande kile ni kilo 20 za mahindi, yaani debe moja na kidogo. Mashamba 40 ni kilo 800 kwa msimu. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea nchi nzima, na wakulima wameandikishwa kwa majina na ukubwa wa mashamba yao. Magunia 8 ya mahindi, yanayolipwa kwa wakulima 40 wa wilaya moja ili tujue ruzuku hiyo inazaa nini katika udongo wa wilaya hiyo, si gharama ya kumzuia mtu kulala.

Kinachopungua ni mpangilio. Halmashauri ina maafisa ugani katika kata, ingawa wachache na wenye eneo kubwa la kuzunguka. Vyama vya msingi vina mizani, maghala na makarani wanaojua kuandika uzito bila kukosea, kwa kuwa kila msimu wa korosho na ufuta wanafanya hivyo kwa stakabadhi, mkulima akisimama pembeni anatazama. Naliendele ina watafiti. Majaribio ya mahindi yakivunwa Mei au Juni, mizani hiyohiyo inaweza kuyapima kabla msimu wa korosho haujaanza, na karani huyohuyo akaandika unyevu wa punje pamoja na uzito, maana gunia la mahindi mabichi si gunia la mahindi makavu. Mashamba yachaguliwe kwa kura katika orodha ya wanachama, ya juu na ya bondeni, ya wenye uwezo na ya wajane, yasiwe yale ya kando ya barabara kuu ambayo gari la wageni hufika bila kukwama. Na matokeo yarudi kijijini kabla ya Novemba, yasomwe kwa magunia na kwa shilingi, shamba kwa shamba kwa ridhaa ya wenyewe, ili mtu wa kichanga asikie habari za kichanga na mtu wa mbuga asikie za mbuga kabla hajaingia dukani.

Na kura ikiangusha kipande kisichotiwa mbolea kando ya njia ya kisimani, mwenye shamba alipwe debe lake mapema, siku ya kupanda. Fundi seremala wa kijiji apewe kazi ya kutengeneza kibao kimoja cha mbao, kisimikwe pale penye mahindi ya manjano, kiandikwe kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto wa darasa la pili aliyebeba ndoo ataweza kuzisoma: mahindi haya yameachwa bila mbolea kwa makubaliano ya kijiji, mwenye shamba ametusaidia.